Chama kimenipa kazi ya kupanga ratiba ya baridi, na mzinga wangu mmoja mwepesi. Wafuga nyuki mlio Ulaya mnisaidie

MjukuuWaMrina

Habarini wapendwa. Niko Ujerumani, kusini huku pembeni ya msitu wa milimani wa Schwarzwald, kazi yangu unesi, nyuki ni mambo ya siku za off. Kwetu Sikonge, Tabora. Babu alikuwa mrina asali haswa, mizinga ya magogo juu ya miti, anaingia porini na wenzie wanapiga kambi wiki mbili tatu, akirudi unamsikia kwa harufu ya moshi kabla hujamuona. Sisi wajukuu wa kike hatukuruhusiwa kupanda, kazi yetu ilikuwa kukamua na kuchuja, kwahiyo hadi nafika huku nilikuwa sijawahi kufungua mzinga kwa mkono wangu. Nimekuja kujifunzia ugenini, babu angecheka.

Sasa huku kila kitu kina chama, hata wanaofuga sungura wana chama na mweka hazina na mhuri. Chama chetu cha nyuki kina watu kama thelathini, wengi wastaafu, mi ndo mdogo kuliko wote na nina miaka 41. Kikao cha September mwenyekiti akasema ratiba ya baridi safari hii apange "kijana", wote wakageuka kuniangalia. Yaani kuanzia October mpaka March, kipindi ambacho mzinga haufunguliwi, chama kifanye nini ili watu wasipotee. Mwaka jana ilikuwa ni kukaa kwenye baa, bia moja moja, kulalamikia utitiri wa varoa (vile vidudu vinavyonyonya nyuki), basi. January tulikuwa saba.

Vitu vitatu nimekuta vishapangwa. Tarehe 7 December, siku ya Mtakatifu Ambrosius ambaye ndo msimamizi wa wafuga nyuki, kuna misa na chakula. Kuna meza yetu ya mishumaa ya nta kwenye soko la Krismasi. Halafu January mimi mwenyewe niongee saa nzima kuhusu nyuki wa Tanzania (hapo nimeanza kutokwa jasho tayari, nyuki wa Tanzania mi nawajua kwa kuwakimbia). Zilizobaki nijaze mimi.

Lakini linalonikosesha usingizi ni mizinga yangu. Ninayo mitatu, miwili mizito, wa tatu nimeunyanyua kwa nyuma jumapili nikausikia mwepesi. Nikafungua haraka haraka, kilichomo kwenye masega mengi ni ile asali nyeusi ya msituni ya mwezi wa saba. Mzee mmoja wa chama akachungulia, akatikisa kichwa, akasema "hiyo wataharisha", akaenda zake kula keki. Wataharisha kivipi jamani?? Na sahivi ni katikati ya October, usiku nyuzi 4, je maji ya sukari nishachelewa?

asali_ya_Marigat

Sasa dada. Mimi niko Ujerumani pia lakini huku kaskazini, hii ni winter yangu ya tisa na nyuki, ya kwanza niliua makundi yote mawili kwa hivyo nisikize vizuri.

Hiyo maneno ya kuhara ni ukweli, si utani wa mzee. Hiyo asali ya msitu haitoki kwa maua, ni vidukari wanafyonza maji ya ile miti ya kama misonobari, wanatoa utamu nyuma, nyuki wanaokota kwa majani. Watu huku wanailipia pesa mzuri sana. Shida ni iko na madini mingi kushinda ya maua, kwa hivyo uchafu unajaa tumboni haraka, na nyuki mzima hajisaidii ndani ya nyumba, anashikilia mpaka siku ya jua, ikifika nyuzi kumi hivi ndio anatoka kukimbilia nje. Hapo kwenu milimani anaweza kaa ndani wiki nyingi mfululizo. Sasa wewe ni nesi, nikueleze nini tena. Ukiona February madoa ya kahawia kwa mlango na juu ya masega ujue walishindwa kushikilia. Na kuna ile nyingine inaganda kwa sega kama simiti, iko na sukari inaitwa melezitosi, hiyo hata hawawezi kuila, unakuta wamekufa njaa na vichwa vyao viko ndani ya sega limejaa.

Maji ya sukari sahii wachana nayo. Ilikua August mpaka hivi katikati ya September, kilo tatu za sukari kwa lita mbili za maji, wakati wako na joto ya kuyakausha na kuyafunika na nta. Ukiwapea saa hii yatabaki maji maji yawaletee unyevu na kuchacha. Chenye utafanya ni kutoa fremu za chakula (yaani sega na mbao zake) kwa hiyo mizinga mizito, kama ziko za ziada, ama uliza kwa chama, lazima kuna mzee ako na fremu za sukari ameficha store. Moja ikijaa pande zote ni kama kilo mbili na kitu. Uliza kwanza huyo mzee kama mizinga yake haikua na ugonjwa, usione haya, huku ni kawaida kuuliza. Ngoja mchana wa jua, toa zile nyeusi za pembeni, ingiza hizi kando ya nyuki wenyewe zikiwagusa. Usiweke katikati, utawagawa mara mbili na wakishagawanyika usiku wa baridi nusu haiamki. Zile nyeusi weka mahali panya hafiki, April utawarudishia wakiwa wanatoka nje kila siku, haitawadhuru.

Kuhusu kilo, watu wanasema 15 mpaka 20 za chakula kwa kundi. Mimi nawekanga karibu 20 sababu mwezi ya kumi na mbili hawali kitu, labda kilo moja, kasheshe inaanza February malkia akianza kutaga, hapo wanakula kama wanafunzi wa boarding wamefunga shule. Wengi wanakufa March, sio December, na maua ya kwanza yakiwa yamefunguka nje.

Kupima: chukua ile mizani ya begi ya airport, najua unayo. Nyanyua upande mmoja kidogo tu ukitumia kamba, soma, nenda upande wa pili, soma, jumlisha. Toa uzito wa mzinga mtupu na nyuki.

Lakini hujasema kitu moja. UMEPIMA UTITIRI? Kwa sababu mzinga mwepesi October mara nyingi si uvivu, ni wachache, ama wameibiwa na majirani juu walikua wanyonge. Nyuki wa kuvuka winter ni wale wamezaliwa August na September, hao wanaishi mpaka March, wale wa kiangazi wiki sita wamekwisha. Kama varoa aliwanyonya wakiwa majana, yaani watoto bado ndani ya sega, hata uwape kilo mia, Krismasi watakua kiganja kimoja.

Bwana_Alizeti

Hahahaaa nyuki anapimwa na mizani ya begi kama anaenda Muscat. Mkizidisha kilo 23 mnalipishwa?

Mi niko Singida, mizinga yangu ni ya magogo kiasi na ile ya kisasa ya mbao, tuko kikundi. Samahani naweza nikauliza kijinga, hao nyuki wa huko wanashindwa nini kuhama? Maana wa kwangu kiangazi kikikaza, maji hamna maua hamna, wananiachia mzinga na nta zao wanaondoka, hawaagi. Mvua zikirudi naona wengine wameingia, sijui ni walewale sijui wageni, mi sijali mradi mlango una nyuki.

asali_ya_Marigat

@Bwana_Alizeti wahamie wapi bro, theluji iko kila mahali. Wa kwetu wamezoea njaa inaisha ukisonga mbele kidogo, mvua iko huku, maua yako kule. Huku njaa inakuja nchi nzima siku moja. Kwa hivyo hawa wa Ulaya wameshikilia tabia ya kuweka akiba na kujikunja. Ikishuka chini ya nyuzi kumi wanajibana wanakua kama mpira, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ndio watoe joto, wa nje wanaingia ndani kwa zamu. Hawalali. Ukiweka sikio kwa mzinga January unasikia vvvvvv ya mbali. Mimi husimama hapo mpaka mke wangu ananiita ndani.

MjukuuWaMrina

Bwana_Alizeti usifute hilo swali, naliandika kwenye maongezi yangu ya January kama lilivyo. Hawa wazee wangu hawajui kabisa kama nyuki anaweza kuondoka kwa hiari yake, kwao nyuki akitoka ni kugawanyika tu majira ya kuchipua basi. Hebu niambie na kikundi chenu kiangazi mnafanyaga nini sasa, maana ndo kama winter yenu.

Bwana_Alizeti

Dada yangu sisi hatuna kikao cha kukaa. Tulijaribu, hakuna aliyekuja. Sahivi kikao ni kwenye manzuki ya mtu, pale mizinga yake ilipo, leo kwangu, baada ya wiki mbili kwa mwingine, na kila kikao kina kazi yake. Kiangazi tunalima barabara ya moto kuzunguka manzuki maana mwenye shamba la jirani akichoma majani hakuulizi. Tunashusha mizinga mitupu tunakwangua, nondo wa nta wanakuwa wamefuma utando humo mpaka mbao imelika, tunapitisha moto wa majani ndani halafu tunapaka nta mpya mlangoni na kwenye vijiti vya juu, harufu ya nta ndo inamwita nyuki. Tunajaza maji kwenye makarai tunaweka vijiti wasizame. Waya za kuning'inizia tunapaka grisi sisimizi wasishuke, na mizinga inainuliwa kwa ajili ya nyegere, yule mnyama hana adabu. Ukimaliza hapo mwenye nyumba kapika, mnakula, NDO mnaongea mambo ya katiba na michango. Mtu akikosa kazi hali. Hakuna mtu anakosa.

Na kwenye maongezi yako usisahau kuwaambia mzinga wa gome. Babu yako atakuwa alitengeneza, wanabandua gome la mtundu au miombo mingine mzima mzima kama unavua shati, mti unakufa. Ndo maana sisi mabwana nyuki wametusisitiza mbao. Waambie ukweli wote, wazungu wanapenda picha ya gogo juu ya mti wanadhani ndo kutunza mazingira.

Mama_Leeds

Nimesoma kimyakimya ila hapa lazima nichangie. Uingereza, mizinga miwili, kwenye allotment, vile viwanja vya kukodi vya kulima mboga. Chama chetu kilikuwa hivyohivyo, wasemaji kila mwezi na slaidi, watu wanasinzia na chai mkononi. Tukageuza, November ni kugongea fremu za mwakani wote pamoja, kila mtu aje na nyundo. Watu wasioongeaga kwenye mkutano wanaongea wakiwa na misumari mdomoni sijui kwa nini. Bwana wa Singida kamaliza kila kitu, ratiba yako unayo hapo.

Viwili ambavyo sijaona mmevitaja. Panya, wanaingia October wanajenga humohumo kwenye joto, mlango uwe wa kama milimita 7 kwenda juu au weka wavu wa chuma, nyuki anapita panya hapiti. Na kigong'ota! Yule wa kijani. Ardhi ikiganda hapati sisimizi basi anakuja kutoboa mzinga ubavuni, mi alinitobolea mashimo matatu siku moja. Zungushia wavu wa kuku, uache nafasi kati ya wavu na mbao asije akafikia kwa mdomo.

Halafu kaka wa Marigat kasema kweli kuhusu unyevu ila mi naongezea, baridi yenyewe siyo inayoua, ni maji. Nyuki wanapumua, mvuke unagonga kifuniko cha baridi, unawadondokea. Mi naweka godoro la sufi juu chini ya bati, na chini wavu wazi.

asali_ya_Marigat

Hapo kwa wavu wazi chini watu wanapigana kila mwaka. Mimi nafunga kuanzia February wakianza kulea majana. Lakini juu joto ndio, nakubali.

MjukuuWaMrina

Nimerudi, mnisamehe kimya, zamu za usiku. Niwape ripoti.

Mizani ya begi imefanya kazi, ila jirani alisimama dirishani muda wote, nadhani alijua nataka kusafiri na mzinga. Hesabu yangu chakula ni kama kilo 11 tu na nusu yake nyeusi. Nikapiga simu kwa yule mzee wa keki (kwanza nilikuwa nimemkasirikia), kumbe ana fremu nane za sukari kabatini, nikamuuliza habari ya ugonjwa kama ulivyosema, wala hakununa, akaenda kuniletea karatasi ya maabara! Kanipa nne, akaja mwenyewe kunishikia bomba la moshi. Alhamisi mchana ilifika nyuzi 14, tumebadilisha kwa dakika kumi. Nyuki wamejaza mianya mitano kati ya masega, malkia sikumuona ila mayai machache yapo.

Utitiri: nimeweka trei chini ya wavu siku tatu, nimehesabu kwa miwani ya mgonjwa wangu mmoja aliyenigawia, wameanguka 5. Hapo vipi?

Na ratiba nimeipeleka. Hakuna kukaa baa mpaka kazi iishe. November ni kugonga fremu kwenye karakana ya mmoja ambaye ni seremala mstaafu, halafu jioni mbili za kuchovya mishumaa ya soko. Mwisho wa November tunagawa asidi ya oksali, dawa ya utitiri, tuliyonunua kwa pamoja na tunajaza daftari la dawa, hilo ni la lazima kisheria na nusu ya wazee walikuwa hawajajaza tangu kiangazi. Wiki baada ya Ambrosius tunazunguka mizinga ya wale wasioweza tena kuinama, wawili wana zaidi ya miaka 80, mmoja nyonga imebadilishwa. Hili halikuwa wazo langu, lilitoka palepale kwenye kikao baada ya kuwasimulia ya Singida, mtu akikosa kazi hali. Wakacheka sana, halafu mwenyekiti akaandika kwenye kumbukumbu kama kipengele!! February kuyeyusha masega ya zamani. Mwanzoni mwa March kuhesabu waliopona.

asali_ya_Marigat

5 kwa siku tatu ni chini ya wawili kwa siku, kwa October si mbaya, wacha. Angalia tena mwisho wa November, hapo ukipata zaidi ya mmoja kwa siku lazima dawa, na kwa kundi kama hilo mimi ningewapea tu. Oksali subiri kama wiki tatu baada ya baridi kali ya kwanza, malkia akiwa ameacha kutaga, sababu haiingii kwa majana yamefunikwa, inaua tu wale utitiri wamepanda nyuki. Ile ya kudondosha ya asilimia 3.5, kundi dogo mililita 30, la katikati 40, kubwa 50. Mara moja tu winter nzima, ukirudia unawaumiza wenyewe. Glavu na miwani, usifanye ujasiri wa Kinyamwezi.

Bwana_Alizeti

Mpaka kwenye kumbukumbu za Ujerumani nimeingia, leo kikundi watanikoma.

Hao utitiri hata huku wapo, walionekana Kenya na Tanzania 2009, ila mbona sisi hatuweki dawa yoyote na nyuki wapo?

Mama_Leeds

Kuna sababu nyingi. Mojawapo mnayosema wenyewe, wanahama na kugawanyika kila mara kwahiyo kunakuwa na muda hakuna majana ya kuzalianisha utitiri. Halafu nyuki mtumishi wa Afrika anatoka kwenye sega mapema kidogo, wa huku siku 21, wa kwetu anawahi siku moja au zaidi, utitiri anakosa muda. Na ni wakali, wanasafishana.

MjukuuWaMrina kwa maongezi yako, chukua hii watakaa kimya ukumbi mzima: 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa Brazil, alipeleka kwao malkia kutoka Afrika ili apate nyuki wa nchi za joto. Wengi walitoka Afrika Kusini lakini mmoja alitoka Tabora, Tanganyika ya wakati huo. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka kwenye manzuki ya utafiti, yakachanganyika na ya wenyeji, na mpaka 1990 walishaingia Texas. Wale wanaoitwa nyuki wauaji kwenye sinema. Bibi yao mmoja ni wa kwenu.

MjukuuWaMrina

Weeee! Wa Tabora?? Hiyo ndo naanza nayo, slaidi ya kwanza.

Sasa la mwisho. Dada yangu anakuja December kutoka Dar, nataka abebe asali ya nyumbani wazee waonje January, ile nyeusi ya miombo. Inaruhusiwa?

asali_ya_Marigat

Ya kula mwenyewe ni mpaka kilo mbili kwa abiria, ifungwe vizuri isimwagike kwa nguo. Waambie pia inaweza kua na maji mingi kushinda yao, hiyo chupa ya chama cha kitaifa hapa inataka mwisho asilimia 18, wasianze kutoa vile vipimo vyao hapo mezani.

Lakini kitu moja, wakimaliza kuonja osha chupa na vijiko na maji moto palepale, kila kitu, hata kitambaa. Asali ya mbali inaweza kua na vijidudu vya ule ugonjwa wa kuozesha majana, mtu haimfanyi kitu, lakini ukiacha chupa nje siku ya jua nyuki wa kijiji kizima watailamba na daktari wa mifugo wa wilaya atafunga eneo lote. Na itajulikana ni yako.

MjukuuWaMrina

Nishaandika: maji moto, ndoo mbili, na yule mzee wa keki ndo atasimamia kuosha.